Alovera ya Mama

Juzi hapa Ruiru niling'oa alovera ya mjukuu wangu iliyojikunja majani, na ile harufu ya mizizi iliyooza ikanirudisha Thika, utotoni mwangu. Mama alikuwa amelazwa hospitali. Aliniachia alovera yake kwenye mkebe, ile aliyokuwa akitia kwenye maji ya kuku wasiugue. Kuku wetu walikuwa wakali, lakini hayo tuyaache. Nikawa naimwagilia kila asubuhi ili arudi aikute hai. Ikajikunja, nami nikaongeza maji.

Cucu, nyanya yangu, akaing'oa. "Mume wangu," aliniita hivyo, kama cucu wote wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, "kwani hii ni sukuma wiki? Umeizamisha!" Akakata mizizi iliyooza, akaianika alovera yenyewe kivulini siku tatu, akatoboa mkebe, akaipanda kwenye mchanga mkavu.

Majani yalinyooka wiki ile tuliyomzika Mama. Cucu alikata moja, akalitia kwenye maji ya kuku.