Nilimweka Binti Yangu Mwisho wa Safari

Kwanza nawagombeza, halafu nitaomba ushauri. Nyinyi mlioenda mbali, mnaosoma visa vya watu kwenye simu kila siku na mama zenu hawajaona viatu vyenu mlangoni tangu mwaka juzi, mnangoja nini? Mazishi? Haya. Mwenye ukurasa, ficha jina langu.

Mimi ni nyanya wa miaka sabini na kitu, mjane, nachuma majani chai huku juu ya Ogembo. Shule sikukanyaga. Haya yanaandikwa na jirani yangu Mjaluo anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na nimemkataza kulainisha.

Nina watoto watatu. Wa kwanza yuko Lodwar, wa pili Mombasa. Kitinda mimba, nitamwita Moraa, aliolewa na kijana wa Kenyenya akamfuata Marsabit, ambako huyo mume anaendesha gari la kuuza maji. Hawaji. Nikasema basi, nitawafuata mwenyewe, nione wanakolala.

Nilidhani ni safari ya wiki moja. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, unafikiri Lodwar ni Kenyenya hapa jirani? Huko peke yake ni siku mbili, na ukifika miguu imevimba." Nikamwambia nitatoka Lodwar niingie Marsabit, kwa maana nasikia zote ziko kaskazini. "Kuna ziwa katikati. Utalivuka na hicho kikapu? Utarudi chini mpaka Nakuru uzunguke." Tukapanga upya kwenye ungo: punje moja ya mahindi, siku moja. Sabato nikaweka haragwe, kwa sababu mimi Sabato sisafiri. Kila baada ya njia ndefu, punje mbili za kupumzisha miguu. Ikawa wiki nne. Nikazifunga kwa leso, niwe natupa moja kila asubuhi.

Moraa alikuwa na mimba yake ya kwanza, miezi sita ikiingia saba. Akapiga simu. "Mama, anzia kwangu. Miguu imefura, kichwa kinaniuma, saa zingine naona vimulimuli mchana."

"Na nitalala wapi?"

"Hapa. Tuna vitanda viwili."

Kwa wasio wa kwetu nieleze. Sisi Wakisii, mama mkwe halali nyumba ya mkwe wake. Ni ensoni, ile aibu ya heshima. Mkwe akija kwangu husimama mbali, mkono hatupeani. Sasa niende nikoromee ukutani kwake? Yeye mwenyewe alikuwa anatafuta chumba kwa majirani, nilale huko, na hakuwa amepata. Na kwenye kituo cha kupimia majani wanawake walikuwa wamenicheka tayari: "Omong'ina, mama mzee wetu, tumesikia unaenda kumkoromea mkwe! Beba na mto!" Nilicheka nao, lakini lilinichoma. Nilipofika nyumbani nikatoa punje za Marsabit zilizokuwa mbele ya Mombasa nikaziweka nyuma. Lodwar, Mombasa, halafu Marsabit, chumba kikishapatikana.

"Kila mwenye mimba anavimba," nikamwambia Moraa. "Mimi nilivimba jembe likiwa mkononi."

Akasema, "Sawa, Mama. Niko sawa. Fuata mpango wako."

Mimi ndiye nilimfundisha tangu mdogo asisumbue watu.

Lodwar nilikaa siku nane. Joto la kule linakukalia kifuani kama mtu mzima, lakini nilikula, nikacheka na wajukuu. Mombasa, siku ya tatu, nikiwa nakula viazi karai, mwanangu alipokea simu akatoka nje. Aliporudi hakunitazama. Presha ya Moraa ilipanda, wakampasua kumtoa mtoto. Mtoto akaishi. Moraa wangu hakuishi. Kwenye leso zilikuwa zimebaki punje kumi.

Tulimzika Kenyenya kwa mume wake. Mtoto, msichana, alibaki kwenye mashine hospitalini Marsabit, na mkwe akarudi kumwangalia. Sasa ni wiki ya saba. Juzi akanipigia. Kwa kawaida huniambia maneno manne na kukohoa. Siku hiyo hakukohoa.

"Mama, wanamtoa Jumatatu. Daktari anasema asisafirishwe mbali mpaka aongeze kilo. Mimi natoka alfajiri kuchota maji, narudi jioni. Chumba nimekosa. Nakuomba ulale kwangu. Mimi nitalala kwenye gari."

Mwanangu wa Lodwar anasema, "Mama, utatuaibisha. Watasema umeolewa huko." Mchungaji anasema ensoni haiko kwenye Biblia. Lakini mchungaji hapangi foleni ya majani na wale wanawake.

Kuchekwa siogopi tena, wacha wacheke mpaka meno yakauke. Ninaogopa kitu kingine. Nikivunja leo kwa ajili ya mtoto kile nilichokataa kuvunja kwa ajili ya mama yake, Moraa huko aliko ataniuliza: Mama, kumbe iliwezekana?

Punje nimehesabu tena kwenye ungo. Ni tatu. Ogembo mpaka Nairobi, Nairobi mpaka Isiolo, Isiolo mpaka Marsabit. Nikitoka Jumatano nafika Ijumaa kabla jua halijatua, Sabato inanikuta nimekaa, na Jumatatu mtoto akitolewa niko pale. Siku tatu tu, na mimi nilizificha nyuma ya wiki tatu.

Semeni, wanangu. Niingie nyumba ya mkwe wangu nilale, yeye alale kwenye gari, au nikae hapa na heshima yangu na mtoto alelewe na nani? Nishaurini, na mnishauri kabla ya Jumatano.

Na wewe unayesoma, siku utakayokwenda kwa mama yako, wacha kukimbilia mkate na sukari. Ingia jikoni, kaa kwenye kigoda, mwonyeshe panapouma. Akikuambia hata yeye aliumwa na akalima, usimwambie uko sawa. Mkatalie.