Maharage ya Marehemu

Mimi ni baba yangu mzazi. Nilivishwa ubaba huo Kyebando, kwenye kiwanja cha babu kilichobanwa na nyumba za kupanga mpaka kikabaki na makaburi na migomba michache. Tangu siku hiyo shangazi zangu, wanawake walionibeba mgongoni, huniita kaka. Ndiyo mila ya kabila letu la Waganda. Siku ya kumaliza matanga, ambayo sisi tunaiita lumbe, ukoo humchagua mrithi, humfunika nguo ya gome la mti, humshikisha mkuki, na kuanzia hapo marehemu hahesabiwi kuwa amekufa. Amebadili mwili tu. Kwa bahati yake mbaya, mwili aliopewa baba ulikuwa wa muuza vioo vya simu mwenye kitambi.

Mama yangu ni Mkenya, na mambo haya hayajawahi kumwingia.

"Yaani huyu niliyemzaa ndiye mume wangu?" aliuliza alipoelezwa.

Akaambiwa ndivyo, kwa namna fulani.

"Basi ampigie magoti anayetaka. Mimi nitaendelea kumtuma sabuni dukani."

Baba alikuwa askari, dereva wa lori la maji. Tulikulia Makindye, kwenye nyumba za bati za kambini, na lugha ya jeshi ni Kiswahili, ndiyo maana kwetu ni lugha ya kuombea chumvi. Hakuwa mtu wa kuchorwa kwenye ukuta. Aliogopa mijusi. Viatu vya gwaride alivipaka rangi mbele tu, kwa kuwa, alisema, mkubwa hakagui kisigino. Na alijidai mpishi. Kila akipata likizo alimfukuza mama jikoni akainjika maharage, lakini subira hakuwa nayo, basi aliyaepua yangali yanagonga sufuria kama kokoto. Tulikula, tukapishana chooni, naye akatuita watoto wa mjini wenye matumbo ya karatasi.

"Iko siku maharage yako yataua mtu," mama alikuwa akimwambia.

Baba alifia Somalia. Lori lake lilikanyaga bomu barabarani asubuhi. Aliletwa ndani ya bendera, risasi zikapigwa hewani, kuku wa jirani wakakimbilia wasikojulikana, na watu wakanisogelea mmoja mmoja kuniambia nijivunie. Nilitamani kumzaba kofi wa kwanza. Wa mwisho nilimshukuru kwa uchovu.

Mama hakulia. Alikuwa na hasira. Usiku wa kuamkia siku ile baba alimpigia simu, akamwambia kesho yake hana zamu, atafua blanketi kisha atalala. Sasa alikuwa anatafuta nini barabarani?

"Blanketi gani hilo linalofuliwa ndani ya lori?" alimuuliza kila aliyekuja kutoa pole. Wakubwa wa jeshi walimjibu kuwa mumewe alifia kazini, jambo alilokuwa analijua. Wazee wa ukoo walimjibu kuwa siku zake zilifika. Basi akakata shauri mwenyewe kwamba alidanganywa: ama kulikuwa na mwanamke huko njiani, ama mzee alijipeleka ili aonekane dume. Ujane aliuweza. Kudanganywa kwenye simu ya mwisho kulimshinda, na hakutaka jina la marehemu litajwe mezani.

Lumbe ilipofika, jeshi lilituma ofisa mwenye hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri, iliyopakwa rangi mbele. Alituambia juu ya simba aliyeikimbilia hatari huku moyo ukimwaka kwa ajili ya taifa.

"Huyo unayemsema," mama alinong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye migomba, "mimi sijawahi kulala naye."

Ukoo mzima ukashikwa na kikohozi. Haraka haraka nikafunikwa gome, nikapewa mkuki, nikakalishwa mkekani. Mzee wa ukoo alisema maneno yake kwa Kiganda, binamu akawatafsiria askari na wakwe kwa Kiswahili: "Huyu si mtoto tena. Ni marehemu mwenyewe, amerudi. Mwenye neno naye, aseme."

Mganda yeyote anajua maana yake. Ni wakati wa kumpa mrithi zawadi na mawaidha. Shangazi akanipa tetea. Mjomba akanishauri nipunguze bia. Kisha akainuka askari mmoja, mtu wa pande za Arua, mbali na kwetu, ambako mila hii haipo, aliyekuwa dereva pamoja na baba. Habari za matetea hakuzijua. Alichosikia ni kwamba marehemu amerudi na anasikiliza. Akaja kwa mwendo wa gwaride, akagonga kisigino mbele ya mkeka wangu, akapiga saluti.

"Afande, nakuja kuripoti."

Watu wakacheka. Mimi nikainua mkuki kidogo, maana sijafundishwa jinsi ya kujibu saluti nikiwa ndani ya gome.

"Ile siku ilikuwa zamu ya mimi," akasema. "Wewe ulikuwa ofu. Lakini mimi tumbo ilikuwa nakimbia tangu usiku. Nikifunga mkanda, narudi choo. Wewe ukasema, 'Leta funguo, utaharibia serikali kiti.' Ukaenda na gari. Mimi nikiwa bado choo, nikasikia mulio." Akaikaza saluti yake. "Afande, ni ile maharage."

"Maharage gani?" Mama alikuwa ameshasimama.

"Ile afande alipika, mama. Ilikuwa nguvu kidogo. Mimi nilikula kwa heshima."

Kicheko kilikatika. Mkono wake ulibaki kwenye paji la uso.

"Mimi ndiye ningekufa, afande. Naomba unisamee."

Nilimchukia. Nasema kweli, nilimtazama mtu yule mzima, masikio mawili, vifungo vyote, nikamchukia mpaka nikaukaza mkuki kiganjani. Angeniuliza mimi, muuza vioo, ningemwambia aende zake. Lakini hakuniuliza mimi. Alikuwa anamuuliza baba, na mama alikuwa ananitazama kana kwamba na yeye anasubiri jibu la mtu huyo huyo. Na baba hakuwahi kumwacha mtu amalize kuomba radhi. Alimkata kauli kila mara, tena kwa kejeli.

"Tumbo lenyewe limepona?" nikauliza.

Mkono ukashuka. "Imepona, afande."

"Na maharage, sema kweli, hayakuwa matamu?"

Akamtazama mama, akanitazama mimi, askari wa watu akitafuta pa kujificha. "Afande," akasema, "ilikuwa mbaya sana."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akishika kiuno, akacheka mpaka shangazi wakamshika mikono, na mikononi mwao kicheko kikageuka kilio, kile kilichokataa kutoka siku ya mazishi.

"Kumbe alikuwa ofu kweli," alisema. "Hakunidanganya."

Chakula kilipotoka hakutaka mtu mwingine ampakulie yule askari. Alimjazia sahani kwa mkono wake, matoke na nyama, kisha akageuka na kuwapigia kelele wapishi:

"Na huyu, maharage asipewe!"