Zamu ya Kukaa Mlangoni

Juma lililopita, mlipokuwa mkitoka kuswali Ijumaa, bila shaka mlisikia kwamba yule bwana mwenye kiwanda cha makubadhi hapa Amu amefariki. Mola amrehemu. Wasomaji wangu wanisamehe ikiwa safu hii ya msiba itachangamka kupita adabu. Kila nikimkumbuka bwana huyu nasisimka, na kisa chake kimeniwasha ulimi muda mrefu.

Kiwanda chenyewe ni chumba kirefu chenye mlango mmoja. Mlangoni pana mwanga na upepo. Nyuma kabisa fundi hushona kwa kupapasa huku jasho likimtiririka. Bwana alitaka kazi iende mbio, basi akatangaza kwamba atakayeshona jozi nyingi kuliko wenzake ndiye atakayekaa mlangoni juma linalofuata. Barazani tulimsifu sana. Fundi mmoja wa Shela, mwepesi wa mikono, akashinda, akakaa mlangoni, na kwa kuwa alikaa mlangoni akashinda tena, na tena. Nyuma alibaki mzee wa Mbwajumali, ambaye watu wa Pate walikuwa wakimwulizia kwa sifa zake. Macho yalikuwa yakimpungua, na kazi yake ikipungua nayo. Idi ilipokaribia, ngozi zimejaa chumba kizima, nilikwenda kupimwa mguu nikamkuta mzee anafunga sindano zake kitambaani. Bwana akamwuliza kwa Kiamu chetu, "Wanitupa sasa, na Idi hii yaya, i karibu?" Mzee akajibu taratibu, "Bwana, mato yangu yataka mwangaza, na mwangaza wampa mwenye mbio. Ndoo wewe ukae hapa mpaka alasiri, kisha uniambie nishike ndia yangu au nikae."

Tajiri mwingine angemfukuza. Huyu akavua juba, akakaa gizani, akashona. Naye alikuwa fundi tangu ujana wake, lakini kubadhi alilotoka nalo lilikwenda upande kama mtu aliyeteguka kifundo. Alicheka mpaka akatokwa na machozi, akalitundika ukutani mbele yetu. Tangu siku ile, watu wakirudi kutoka kuswali, hakuna anayerudi alipokuwa: wa nyuma huja mbele, wa mbele huenda nyuma, na mwenye kiwanda naye alikuwa na zamu yake. Mzee hakwenda Mbwajumali, na Idi ile nilivaa kazi ya mkono wake. Nilitembea mji mzima bila haja yoyote, nipate tu kuonekana.

Tangu utumwa ufutwe, matajiri wetu hawana wimbo mwingine ila kwamba watu hawataki kazi. Kila meli ikishusha viatu vya Ulaya, wao huwakaripia mafundi. Nawauliza: nani kati yenu amewahi kukaa alipokaa fundi wake, japo toka adhuhuri mpaka alasiri?

Jana, baada ya matanga, nilipita kiwandani. Watu walikuwa wamerudi kutoka kuswali adhuhuri na wamekwisha kubadilishana mahali, ila nyuma kabisa palikuwa patupu, maana zamu ile ilikuwa ya marehemu. Kisha yule fundi wa Shela, aliyekuwa amekaa mlangoni, akachukua kisu chake akaenda kukaa gizani. Nikamwuliza kwa nini. "Zamu yake hii," akaniambia, "mimi nitamkalia." Haki aliyotendewa mtu kazini haihitaji msimamizi, na bwana yule ameondoka ameiacha mikononi mwa watu wake.