Kampuni Kubwa Imenitoa Nyumbani Kwangu

Naandika nimesimama kwenye migomba yangu, na nina hasira.

Watu wa Mbugani, kikampuni cha vijana wa hapa mtaani, walinifuata na waya wao wa intaneti. Mwanangu ni fundi wao.

Nikawaambia, mimi mwenye kakao kuliko mtaa mzima siungi waya wa vijana. Nataka kampuni kubwa ya nchi nzima.

Leo fundi wa kampuni kubwa kafika na ngazi.

Kuvua kofia, ni mkamwana wangu. Mke wa huyo huyo mwanangu.

Nchi nzima, jamani, wakakosa mwingine wa kumtuma.

Na sisi Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Hata jina langu halitamki. Nikatoka mlango wa nyuma mbio, na uzee huu.

Akafunga waya, akamaliza. Mke wangu akamuuliza neno la siri la mtandao.

Binti akanyoosha kidole huku migombani.

Maana mimi mwenyewe niliwaambia kampuni neno la siri liwe jina langu. Nani Kyela asiyelijua?

"Mama, siwezi kulisema. Muulize baba."

Basi nikalitaja jina langu kwa kelele humu migombani. Jirani akaitika kwa salamu, "Ugonile, mzee. Umejipoteza?"

Mke wangu anacheka mpaka sasa. "Ungechukua wa Mbugani, angekuja mwanao."

Waya siung'oi ng'o. Mtandao unafika mpaka huku, ndio huu naandikia.

Ila mkamwana amekaribishwa wali na samaki, na amekubali.

Nyie mngekuwa mimi, mngeingiaje ndani?