Makofi ya Mheshimiwa Burhani

Miaka kumi na mitano Séraphin Burhani alikuwa mbunge wa watu wa Uvira huko Kinshasa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeisikia sauti yake ukumbini. Kazi yake ilikuwa mikononi. Muswada ulisomwa, mwenyekiti akainua kichwa, wabunge wakasimama wakapiga makofi, na sheria ikawa imepita. Burhani aliijua kazi hiyo kuliko wengi. Hakuwa wa kwanza kusimama, maana hilo lilileta wivu. Wala hakuwa wa kwanza kuketi, maana hilo lilileta mashaka. Kwa utumishi huo alipata gari, nyumba ya ghorofa, na viganja vigumu kama vya mpasua kuni.

Mwaka 1991, wenzake wengi wakiwa wameshahamia upinzani, naye akawafuata. Wiki ya pili askari waliivunja nyumba yake. Kaka yake alipigwa risasi mlangoni, wakidhani ni yeye. Kwa hiyo alipofika Brussels kuomba hifadhi hakuwa akidanganya: kurudi kwao ni kufa. Lakini afisa aliyemhoji hakumwamini. Mtu aliyekula na serikali miaka yote hiyo anaikimbia kwa nini? Alipewa mpaka Alhamisi alete watu wa kumtolea ushahidi, la sivyo aondoke nchini.

Kilichobaki ni barua ya ushahidi ya chama cha watu wa Uvira, waliokutana kila Jumapili katika ukumbi wa parokia, mtaa wa Ganshoren. Burhani alivaa suti yake ya bungeni, ile isiyo na tai, ambayo sasa ilimning'inia mabegani.

"Honorable, ikala kule karibu ya mlango," alisema kijana mmoja, Héritier. "Kule kuna hewa."

Watu wakacheka. Burhani akaketi karibu na mlango.

Zamu yake ilipofika, alihutubia kwa mara ya kwanza maishani mwake, akisoma karatasi. Alipofika kwenye habari za kaka yake, akalia. Vicheko vikaisha. Papa Lucien, mwenyekiti, alikwisha kushika kalamu.

Ndipo akasimama Maman Antoinette, mama mnene aliyefanya kazi ya kuogesha wazee huko Woluwe.

"Papa Honorable, niko na swali moja tu. Bwana yangu alipofungwa, nilikuandikia barua ngapi?"

"Maman..."

"Trois. Tatu. Ulijibu ngapi?"

Burhani alianza kuikunja karatasi yake.

"Alifia mule ndani. Bon. Leo ni wewe unaomba barua."

"Maman, nilikuwa naogopa."

"Na mimi niliogopa. Lakini niliandika."

Papa Lucien akaiweka kalamu mezani. Zamani alikuwa mwalimu, mtu wa utaratibu, na utaratibu wa chama ulikuwa uleule waliotoka nao nyumbani.

"Donc, wenye kukubali barua isiandikwe, wapige makofi."

Ukumbi mzima ukanyanyuka. Burhani hakuwaza. Aliwaacha wachache wasimame kwanza, kisha akanyanyuka, akanyoosha koti, akapiga makofi: yale mazito, ya taratibu, ya kujaza ukumbi. Aligundua alichofanya pale tu wengine walipoanza kuacha, mmoja baada ya mwingine, wakimgeukia.

"Mumuone!" Héritier alipiga kelele, ameshika tumbo. "Tonton amejifukuza mwenyewe! Aksanti, Honorable!"

Kicheko kikapita kiti kwa kiti mpaka nyuma. Maman Antoinette peke yake hakucheka. Alikuwa akifunga vizuri kitenge chake.

"Andika," Papa Lucien alimwambia Rolande, karani. "Imepita kwa kauli moja."

"Na yeye nimuhesabu?"

"Si amepiga makofi?"

Rolande akaandika. Watu walikuwa wameshaketi, ajenda nyingine ikasomwa, ya mchango wa harusi. Burhani alibaki amesimama karibu na mlango, viganja vikimwasha, akingoja mwenyekiti ampe ishara ya kuketi.