Kenya ya Maitu

Juzi mjukuu wangu, anayesomea udaktari, alikuwa akikariri majina ya mifupa hapa kwangu Ngoingwa. Alipotamka "kalkeniasi", nikasikia tena harufu ya spiriti na chokaa mbichi ya zahanati ya Ruiru.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, wakati wa mkoloni, nami nilikuwa mtoto mdogo. Mama yangu, Maitu, alikuwa ameruka kutoka kwenye trela la wachuma kahawa na kuangukia kisigino. Alasiri hiyo dresa, mhudumu wa kufunga vidonda, alikibonyeza, akafungua kitabu chenye picha, akasema polepole, "Kalkeniasi. Imevunjika."

Mimi nilisikia Kenya. Nikakimbia nje kwenye foleni ya wanawake, nikilia, "Kenya imevunjika! Kenya ya Maitu imevunjika!"

Wote wakanyamaza, hata waliokuwa wakikohoa. Nilidhani wanamhurumia Maitu. Askari aliyesimama mlangoni na bunduki akaniinamia.

"Nani amekufundisha maneno hayo?"

Nikamwonyesha dresa kwa kidole, nikijivunia kujua jibu. Dresa akatoka na kitabu chake kikiwa wazi.

"Afande, ni kisigino tu. Ni Kilatini."

Askari akaitazama ile picha muda mrefu, kisha akarudi mlangoni.

"Shosho, unajua maana ya kalkeniasi?" mjukuu wangu akaniuliza, akanirudisha Ngoingwa. "Jina hilo limetokana na calx, neno la Kilatini. Maana yake ni kisigino."

"Kisigino tu?"

"Kisigino tu."

Hata dresa alisema hivyo hivyo. Ila kitabu kilikuwa kikitetemeka mikononi mwake, nami siku ile nilidhani ana malaria.