Rangi ya Mkono Wako

Mwanangu, naikumbuka siku tuliyompelekea Mzee Shabani picha ya baba yako, pale studio yake ya Buyenzi. Nimeikumbuka tena jana, nilipoona ulichomfanyia baba yako kwenye kompyuta yako. Umemng'arisha ngozi. Nikakuuliza, ukanijibu, "Mama, ni mwanga tu nimeongeza." Basi kaa hapa nikueleze, halafu ukirudi kwenye kazi yako ya kutengeneza picha utafanya utakavyoona.

Ilikuwa wakati wa vita. Baba yako alitoka asubuhi kwenda kujenga ukuta wa mtu huko Kinindo, akasimamishwa kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, hakurudi. Niliambiwa hawakumuuliza hata jina. Walimtazama tu. Siku zile mtu alitazamwa ngozi, akatazamwa pua, na hukumu ikawa imekwisha, iwe mtaa huu au ule. Tulimzika harakaharaka, watu wachache, na wewe ukiwa bado tumboni mwangu.

Siku ya kumaliza kilio ilipokaribia, wewe ukiwa umekwisha kuzaliwa, nilitaka picha yake kubwa ya kuweka sebuleni. Tulikuwa na moja tu, ndogo, nyeusi na nyeupe, ya kitambulisho. Zingine zilikwenda na maji huko Buterere kwa mabukwe, mama mzazi wa baba yako, mafuriko yalipoingia nyumbani kwake. Mzee Shabani alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Anaikuza picha, halafu anaitia rangi kwa pamba na burashi nyembamba, polepole, mpaka unaona mtu anataka kukusalimia.

Akailaza picha mezani, akachanganya rangi kwenye sahani nyeupe.

"Mama, bwana yako alikuwa na rangi gani?"

Wakati ule kutaja rangi ya mtu kulikuwa sawa na kumshtaki. Nikasema kwa sauti ya chini, "Mumufanye wa katikati, mzee. Asikuwe mweusi sana."

"Wa katikati ya nani na nani?"

"We unajua, mzee. Picha itakaa ku ukuta. Watu wanaingia kwetu. Na mi niko na mutoto."

Mzee Shabani akaanza kufuta burashi yake kwa kitambaa. Usinione mjinga, mwanangu. Niliogopa. Nilitaka ukutani mume ambaye mgeni yeyote akimtazama asijue ni wa upande gani, ili wewe upate kuishi.

Mabukwe, niliyekuja naye, alikuwa kwenye benchi nyuma yangu, miguu imejaa matope ya Buterere. Akasimama.

"Balimuua juu ya sura yake," akaniambia. "Na we sasa unataka kumuondolea iyo sura?"

Nilikasirika, tena sana. Nikamwambia wa kwake amekwisha zikwa, wangu bado yu hai hapa mgongoni. Mpaka leo maneno hayo yananiuma. Alilegeza kitenge nilichokubebea, akautoa mkono wako mdogo, akaulaza kando ya sahani.

"Rangi yake ni hii. Angalia muzuri, mzee. Ni hii."

Mzee Shabani akatia tone kwenye ukingo wa karatasi, akalisogeza karibu na mkono wako. "Apana," mabukwe akasema. Mzee akaongeza wekundu kidogo. "Apana, bado." Akaanza upya kwa kutanguliza umanjano kama wa mawese, ndipo akaweka weusi juu yake, mwembamba, tabaka kwa tabaka. Wewe ulikuwa unavuta mkono na kuchafua meza ya watu. Alipomaliza, mabukwe aliitazama picha, akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti. Na mimi nikalia. Alikuwa ni yeye kabisa.

Sikugeuka shujaa kwa sababu hiyo. Nyayo zikisikika uani, nilikuwa naigeuza picha itazame ukuta. Siku moja vijana wenye bunduki waliingia kabla sijaifikia. Mmoja akauliza, "Uyu ni nani?" Nikasema, "Bwana yangu." Akaitazama picha, akakutazama wewe, akachukua redio yetu, wakaondoka. Sijui aliona nini.

Mabukwe hakuuona mwisho wa vita. Baba yako hukupata kumwona hata mara moja. Lakini ulipokuwa mdogo ulikuwa unapanda kiti, unaweka mkono wako kwenye shavu lake pale ukutani, unaniambia, "Mama, ni mimi." Sasa niambie, kwa picha uliyoitengeneza jana, mtoto wako ataweka mkono wapi?

Sikukatazi kazi yako. Picha ikichanika, iunge. Vumbi na madoa ya maji, ondoa. Aliyepigwa picha gizani, mpe mwanga aonekane alivyo. Ila rangi aliyozaliwa nayo mtu, mwachie. Bibi arusi akikuomba umfanye mweupe, ongea naye kwa upole, umwonyeshe alivyo mzuri na ngozi yake. Na ukishindwa kujua rangi ya aliyekufa, mtafute mtoto wake, au aliyezaliwa naye, au aliyemzaa, uulaze mkono wake karibu na kioo cha kompyuta yako.

Baba yako mrudishie weusi wake leo hii, kabla hujalala.

Mungu akulinde, mwanangu, wewe na mikono yako. Akupe wazao wa kufanana nawe, na wote wapite kwenye barabara za mji huu wakitazamwa usoni, na warudi nyumbani.